Mabomba na nyaya vikaguliwe kabla ukuta haujapigwa lipu

Mzazi anapopelekwa na dalali kuangalia nyumba ya kupanga, macho yake huenda kwenye vitu vinavyong'aa. Hutazama marumaru, dari la jipsamu, rangi na madirisha ya alumini. Huuliza kodi inalipwa ya miezi mingapi, maji yanatoka siku zipi, na mita ya LUKU ni ya kwake peke yake au ya kuchangia na jirani. Akiridhika, analipa na kuhamia na watoto wake.

Ni wachache wanaouliza maji ya chooni yakishatoka pale yanakwenda wapi. Wachache zaidi huuliza waya unaopeleka umeme kwenye shawa una unene gani, au moshi wa jikoni utatokea wapi dirisha likifungwa kwa sababu ya baridi. Vitu hivi vimefichwa ndani ya ukuta, chini ya sakafu na juu ya dari. Havionekani, lakini ndivyo vinavyowaleta watu wengi kwetu hospitalini.

Mimi ni daktari, si mhandisi. Hata hivyo, mgonjwa anapofika mbele yangu na kuhara kwa mara ya tatu katika kipindi kifupi, swali langu la kwanza baada ya kumpima ni hili: mnaishi kwenye nyumba ya namna gani? Mara nyingi jibu la swali hilo hunisaidia kama kipimo cha maabara.

Hoja yangu wiki hii ni moja. Halmashauri zetu za Mbinga na Nyasa zisikubali nyumba ya kupangisha ya familia nyingi ijengwe kwa mchoro wa kuta na paa peke yake. Uwepo pia mchoro wa maji safi, maji taka, umeme na njia za hewa, na kazi hiyo ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kabla ukuta haujapigwa lipu. Wapangaji nao wawe na haki ya kuuliza na kujibiwa.

Kwa nini Mbinga na Nyasa, na kwa nini sasa

Kwa miaka mingi Mbinga mjini tulitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Mwaka 2018 njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na umeme wa gridi ukaingia Ruvuma. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilikuwa imemegwa kutoka Mbinga, makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Watumishi walihamia, na watumishi wanahitaji nyumba. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga kushuka ziwani imekamilika, na sasa bandari mpya inajengwa Mbamba Bay.

Ukichanganya hayo na fedha za kahawa, ambazo kwa desturi yetu nyingi huishia kwenye tofali, unapata kinachoonekana leo: nyumba za familia nne, sita, nane au zaidi chini ya paa moja, nyingine zikipanda ghorofa. Ni maendeleo mazuri na sina ugomvi nayo. Mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa dagaa na kijana anayeanza maisha, wote wanahitaji mahali pa kukaa penye staha.

Lakini tukumbuke tulikotoka. Katika nyumba ya kawaida ya Umatengo au ya pwani ya ziwa, jiko lilikuwa banda lake nje. Choo kilikuwa mwisho wa kiwanja. Bafu lilikuwa la matete au matofali, peke yake. Maji yalikaa kwenye mtungi ndani, mbali na choo. Kila uchafu ulikuwa na umbali wake, na umbali huo ndio uliokuwa ukitukinga. Uwanja ulifanya kazi ya mhandisi bila sisi kujua.

Nyumba mpya imeondoa umbali huo. Choo, jiko, bafu na kitanda cha mtoto vimetenganishwa na ukuta wa tofali moja, na juu yako kuna familia nyingine yenye choo chake. Kazi iliyokuwa ikifanywa na uwanja sasa lazima ifanywe na bomba, waya na tundu la hewa. Vikifungwa ovyo, hakuna kinachobaki kumkinga mtoto.

Maji taka: tufanye hesabu ndogo

Chukua nyumba ya familia nane, kila moja ikiwa na watu watano. Hao ni watu 40. Kila mtu akitumia lita 80 tu za maji kwa siku kwa kuoga, kufua, kuosha vyombo na chooni, tunapata lita 3,200 zinazoingia kwenye karo kila siku. Hayo ni mapipa 16 ya lita 200. Familia moja ya watu sita kwa kiwango hicho hutoa lita 480, yaani chini ya mapipa matatu.

Fundi aliyezoea kuchimba karo la familia moja, akiambiwa "ongeza kidogo, hii nyumba ni kubwa", ataongeza kidogo kweli. Miezi ya kwanza hakuna kitu kitakachoonekana. Mvua za masika zikishalowesha udongo, shimo la kufyonza linashindwa kunywa, chemba zinafurika, na maji yenye kinyesi yanatambaa uani ambako watoto wanacheza.

Kuna hatari mbili zaidi zinazotokana na ardhi yetu yenyewe.

Huku juu, Mbinga, tunajenga kwenye miteremko. Shimo la kufyonza la nyumba ya juu linaweza kutoa maji yake kwenye ukingo wa kiwanja cha chini, au kuyapeleka polepole kwenye chemchemi wanayochota wengine. Wazee wa Umatengo walilijua tatizo la maji kwenye mteremko kuliko watu wengi duniani. Shamba la ngoro, lenye vishimo vilivyopangwa ili mvua isimbe udongo na kukimbia nao bondeni, ni uhandisi wa maji uliotungwa hapa hapa. Mtu ambaye babu yake alipanga maji ya mvua shimo kwa shimo hana sababu ya kuyaacha maji ya choo yajitafutie njia.

Kule chini, Mbamba Bay, Liuli na vijiji vya ufukweni, tatizo ni lingine. Udongo una mchanga na maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba shimo refu, unaweza kuwa umepeleka kinyesi moja kwa moja kwenye maji ambayo jirani anayavuta kwa kisima chake. Ushauri wa kawaida ni choo au shimo la maji taka kuwa angalau mita 30 kutoka kisimani. Kwenye kiwanja kidogo chenye familia nane, umbali huo haupatikani kwa bahati. Lazima upimwe na kuchorwa kabla ya kuchimba, na penye maji ya juu karo lijengwe lisilovuja na liwe la kunyonywa na gari.

Hatuzungumzi nadharia. Jirani zetu wa Malawi, tunaoshirikiana nao ziwa hili, walipata mlipuko wa kipindupindu ulioanza Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700. Kipindupindu husafiri na watu, na watu wa ziwa hili husafiri kila siku kwa boti na mitumbwi. Kikifika kwenye nyumba ambayo chemba inafurika karibu na bomba la kuchotea maji, kinakuwa kimepata mlango uliowazi.

Bomba la maji safi

Wengi huamini kwamba maji yakitoka bombani yako salama hadi kwenye glasi. Fikiria hali halisi. Maji yanatoka kwa zamu. Yanapokatika, bomba linabaki tupu bila msukumo. Kama bomba hilo limelazwa kwenye mtaro mmoja na bomba la maji taka, na lina ufa mdogo au kiungo kilichofungwa vibaya, uchafu uliolizunguka unaweza kuingia ndani. Maji yakirudi, yanausukuma hadi jikoni.

Ndiyo maana mabomba haya mawili yanapaswa kutenganishwa, na yakikutana la maji safi lipite juu. Ni jambo la nusu siku kwa fundi wakati mtaro uko wazi. Baada ya sakafu kumwagwa zege na kuwekwa marumaru, ni jambo la kuvunja nyumba.

Tangi la juu ya paa nalo ni sehemu ya afya yako. Liwe na mfuniko unaobana na wavu kwenye tundu la kupumulia, vinginevyo panya, popo na mbu watalitumia pamoja nawe. Lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka, na mwenye nyumba aseme ni nani anayeliosha na lini. Hata hivyo, maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa.

Funzo kutoka Hong Kong

Huenda mtu akasema nazidisha, kwamba bomba la choo haliwezi kuwa jambo la uhai na kifo. Nitatoa mfano unaojulikana na madaktari duniani kote.

Machi 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa SARS, mgonjwa mmoja aliyekuwa anaharisha alilala kwa ndugu yake katika jengo la ghorofa liitwalo Amoy Gardens, Hong Kong. Katika wiki chache, wakazi zaidi ya 300 wa majengo hayo waliugua, na zaidi ya 40 walifariki. Wengi wao hawakuwahi kukutana na mgonjwa yule.

Wachunguzi walipofuatilia walifika bafuni. Chini ya kila tundu la maji sakafuni kuna kona ya bomba inayobaki na maji kidogo, ambayo mafundi huiita trapu. Maji yale ni mlango: yanazuia hewa ya bomba la choo isirudi ndani. Katika majengo yale, watu walizoea kupiga deki kwa kitambaa badala ya kumwaga maji, kwa hiyo trapu nyingi za sakafuni zilikuwa zimekauka. Mlango ukawa wazi. Feni za bafuni, zilizowekwa kutoa unyevu, zikawa zinavuta hewa kutoka kwenye bomba la maji taka, na hewa ile ilibeba virusi kutoka kwa mtu aliyetumia choo ghorofa nyingine.

Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake. Kasoro ilikuwa vikombe viwili vitatu vya maji ambavyo havikuwepo mahali pake.

Huku kwetu mara nyingi trapu haijakauka, maana haikufungwa kabisa. Fundi ameunganisha bomba la sakafu moja kwa moja na bomba la choo ili kupunguza gharama, au ameacha kuweka bomba la kupumulia linalopanda hadi juu ya paa. Bila bomba hilo, ghorofa ya juu inapomwaga maji mengi, msukumo wake hunyonya maji ya trapu za chini na kuziacha tupu. Ukisikia sinki linakoroma jirani anapomwaga maji, au bafu linanuka hata baada ya kuoshwa, usinunue manukato. Ni mlango uliowazi.

Umeme na maji ya moto

Mbinga kuna baridi, hasa Juni na Julai, na shawa ya umeme imekuwa kivutio cha wapangaji. Shawa ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampia 20 za umeme. Inahitaji waya wake peke yake, mnene kuliko wa soketi za kawaida, na swichi yake ya kukatia. Ikiunganishwa kwenye waya mwembamba wa milimita 2.5 ambao tayari una soketi za jikoni zenye birika na pasi, waya unapata moto ndani ya ukuta na dari. Moto wa nyumba huanza hivyo usiku, watu wakiwa wamelala.

Hatari ya pili ni mshtuko. Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Balbu ndogo ya wati 10 hutumia takribani miliampia 43, na kiasi hicho kikipita kifuani kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo wa mtu mzima. Mtoto ana nafasi ndogo zaidi ya kupona. Kwa hiyo nyumba inapaswa kuwa na vitu viwili: waya wa ardhini uliofungwa kweli na kupimwa, na kifaa kinachokata umeme chenyewe kinapohisi unavuja kiasi cha miliampia 30. Sakiti breka ya kawaida hukata umeme unapozidi ili kulinda waya. Kifaa hiki cha pili ndicho kinachomlinda mtu.

Mtu akikuambia shawa yake "inatekenya kidogo" anapogusa koki, asiendelee kuoga hapo hata siku moja. Kutekenywa ni onyo kwamba umeme unavuja na hauna pa kwenda isipokuwa kupitia kwake.

Fundi wa kufunga umeme anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, na TANESCO huhitaji fomu iliyojazwa na fundi anayetambulika kabla ya kuunganisha nyumba. Utaratibu upo. Unachohitaji ni uaminifu: anayesaini awe ndiye aliyeziona nyaya kabla hazijafukiwa.

Hewa: jiko limeingia ndani

Baridi ile ile inayouza shawa ndiyo inayofanya mama afunge dirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto. Katika banda la zamani lenye uwazi chini ya paa, moshi ulipata njia. Katika chumba chenye dari la jipsamu na dirisha la alumini linalobana, hewa ya sumu ya mkaa inabaki. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na mtu huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Wengine hawaamki. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja usiku wa baridi, usiwape dawa ya malaria kwa kubahatisha. Watoe nje kwanza, kisha waleteni hospitali.

Moshi unaoonekana nao una madhara yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba moshi wa kupikia majumbani huongeza karibu maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, lakini gesi nayo inataka nyumba iliyofikiriwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, sakafuni, ambako dirisha la juu halisaidii. Jiko la kisasa linahitaji tundu la hewa karibu na sakafu, jingine juu, na ikiwezekana mahali pa kuweka mtungi nje ya nyumba.

Pwani ya ziwa shida inageuka. Kuna joto na mbu, na mpangaji hufunga madirisha kwa kuogopa malaria, watu sita wakalala chumba kimoja kisicho na hewa. Kama kuna mwenye kifua kikuu ambaye hajagundulika, chumba cha namna hiyo humsaidia kuambukiza wengine. Dawa ni dirisha pande mbili ili hewa ipite, na nyavu imara kwenye kila dirisha. Hilo huamuliwa wakati wa kuchora, maana ukuta uliojengwa bila dirisha hauna huruma.

"Kodi itapanda"

Najua pingamizi. Mwenye nyumba atasema: mkilazimisha michoro na ukaguzi, gharama itapanda, nami nitaipeleka kwa mpangaji. Hoja hii ina uzito na wapangaji wetu si matajiri.

Lakini tuangalie gharama ile inakwenda wapi sasa. Mwenye nyumba asipolipa mchoro, mpangaji analipa nauli ya kwenda hospitali, dawa, siku za kazi zilizopotea na mtoto aliyekosa shule. Mwenye nyumba mwenyewe hulipa baadaye anapovunja marumaru kutafuta bomba linalovuja, au anapolazimika kuchimba karo la pili kwenye kiwanja kisicho na nafasi. Bomba la kupumulia, trapu na waya mnene kidogo ni vitu vidogo ukivilinganisha na nondo, zege na paa. Vinakuwa ghali pale tu vinapowekwa kwa kuchelewa.

Pingamizi la pili ni kwamba mafundi wetu wana uzoefu. Ni kweli, na wengi ni hodari. Fundi hodari ndiye anayenufaika zaidi na mchoro, kwa sababu unamkinga na tajiri anayemwambia apunguze hiki na kile. Bila mchoro, lawama yote inamwangukia yeye.

Nini kifanyike

Kwa halmashauri: afisa afya tayari ni miongoni mwa wataalamu wanaopitia maombi ya vibali vya ujenzi. Apewe mchoro unaoonyesha maji safi, maji taka, umeme na hewa, pamoja na hesabu ya karo kwa idadi ya watu watakaoishi humo. Kisha uwekwe ukaguzi mmoja wa lazima, mabomba na nyaya vikiwa bado vinaonekana. Mabomba yajazwe maji na kuachwa kwa saa kadhaa ionekane kama yanavuja. Waya wa ardhini upimwe. Fundi apige picha za kila ukuta kabla ya lipu, na nakala ibaki kwa mwenye nyumba.

Kwa mwenye nyumba: tafuta mhandisi au fundi sanifu akuchoree kabla hujachimba msingi. Ukishajenga, weka koki na swichi ya kufungia kwa kila familia, ili hitilafu ya mmoja isiwazimie wote.

Kwa wewe mzazi unayetafuta nyumba, dakika 15 zinatosha kabla hujalipa kodi:

Fungua bomba zote na mwaga maji chooni kwa wakati mmoja. Sikiliza kama sinki linakoroma na nusa bafu.

Tembea nyuma ya nyumba. Tazama chemba zimefunikwa, karo liko wapi, na kisima au bomba la kuchotea liko mbali kiasi gani.

Tazama juu ya paa kama bomba la kupumulia linaonekana na kama tangi limefunikwa.

Fungua kisanduku cha umeme au mwombe fundi akitazame. Uliza kama kuna kifaa cha kukata umeme unaovuja, na kama shawa ina swichi yake.

Simama jikoni, funga mlango na dirisha, ujiulize moshi na gesi vitatokea wapi.

Kwa wale ambao tayari mmehamia: mwagieni maji kila tundu la sakafuni angalau mara moja kwa wiki, hasa bafu lisilotumika. Jiko la mkaa lisilale ndani. Tatizo la choo au umeme liandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, ili ibaki kumbukumbu. Mkiwa wapangaji wanane wenye tatizo moja, mwandikieni mwenye nyumba kwa pamoja, na nakala kwa afisa afya wa kata. Familia moja huambiwa ihame. Familia nane husikilizwa.

Na mtoto akiharisha, msisubiri mjadala wa mabomba uishe. Mpeni maji ya chumvichumvi ya ORS kila baada ya choo, endeleeni kumnyonyesha au kumlisha, na mpeni vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mtakavyoelekezwa kituoni. Macho yakidumbukia, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu au cheupe kama maji ya mchele, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyo hiyo. Mtu akipigwa na umeme, zimeni umeme kwanza ndipo mumguse, na apelekwe kupimwa moyo hata kama anasema amepona.

Mbinga na Mbamba Bay bado ni miji inayoanza kupanda juu. Nyumba nyingi zitakazokaliwa na watoto wetu kwa miaka 30 ijayo hazijapigwa lipu, nyingine hata msingi haujachimbwa. Baraza la madiwani linaweza kuamua jambo hili katika kikao kimoja, na mtu wa kwanza kuwauliza watakuwa wapiga kura wanaopanga nyumba. Muulize diwani wako: katika kata yetu, ni nani anayekagua mabomba na nyaya kabla ukuta haujafungwa?